Diploma Yako Inaishia Wapi? Historia Fupi ya Daraja kati ya Chuo na Chuo Kikuu

Leo hakuna programu ya kupakua wala maelezo ya kusakinisha Linux. Nimekuwa nikisoma historia wiki hizi, na nikishikwa na jambo silali mpaka niliandike. Jitengenezee chai kwanza, safari ni ndefu kidogo.

Yote yalianza kazini. Kuna jamaa tuliyekuwa tukikaa naye meza moja, mimi nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi juzi, yeye akinizidi umri kwa miaka michache. Kwenye hifadhidata alikuwa ananishinda mbali. Siku moja alinionyesha vyeti vyake. Diploma ya masomo ya kompyuta kutoka chuo kimoja, miaka mitatu. Halafu shahada ya sayansi ya kompyuta kutoka chuo kikuu, miaka minne. Jumla saba. Nikamuuliza mbona hawakumpunguzia hata mwaka mmoja. Akacheka. "Ndugu yangu, mwaka wa kwanza niliketi nikatazama mwalimu akitufundisha kuchapisha Hello World. Wakati huo nilikuwa nimeshamwandikia mtu programu ya stoo na akanilipa."

Karo ya miaka saba, kodi ya nyumba ya miaka saba, na mama yake kijijini akiuza mazao ili alipe mara mbili kwa somo lile lile. Sisi watu wa kompyuta tukikuta mifumo miwili isiyosikilizana huwa tunauliza: nani aliandika hii, lini, na alikuwa anafikiria nini? Nikaamua kuuliza swali hilo hilo kuhusu vyuo vyetu. Jibu nililolipata ni hili: Kenya tuna ujuzi wa zaidi ya miaka 60 wa kuunganisha chuo na chuo kikuu. Ila kilichounganishwa kila mara ni taasisi. Masomo aliyokwisha kusoma mwanafunzi yaliachwa nje ya makubaliano.

Tuanze London. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilipata hati iliyokiruhusu kuwatahini watu ambao hawakusoma katika vyuo vyake. Ungeweza kukaa popote, ukasoma, ukafanya mtihani wao, ukapewa shahada yao. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kutufikia huku kwa sura nyingine.

Wakati huo huku kwetu hapakuwa na chuo kikuu. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye ikaongeza mafunzo ya utabibu, kilimo na ualimu, ikawa chuo cha Afrika Mashariki nzima. Lakini ilichotoa kilikuwa diploma. Hapakuwa na shahada.

Mwaka 1943 serikali ya Uingereza iliunda tume ya Asquith kuchunguza elimu ya juu katika makoloni, na ripoti ikatoka mwaka 1945. Pendekezo lake lilikuwa rahisi kuelewa. Badala ya kila koloni kuanzisha chuo kikuu kichanga ambacho hakuna atakayekiamini, chuo kiwekwe chini ya ulezi wa London. Walimu wa huku na wa London wangepanga mtaala pamoja na kutunga mitihani pamoja. Mtaala ungeweza kubadilishwa ufae mazingira, lakini shahada ingekuwa ya London. Ibadan, Gold Coast na West Indies ziliingia katika mpango huo mwaka 1948. Makerere iliingia mwaka 1949.

Tazama jinsi mwaka huo ulivyogawa maisha ya watu. Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945 akatoka na diploma ya ualimu. Shahada ilibidi aifuate Edinburgh, akasoma huko kuanzia 1949 hadi 1952. Mwai Kibaki aliingia Makerere mwaka 1951. Alipomaliza mwaka 1955 alikuwa na shahada ya London ya daraja la kwanza mkononi, aliyoipata bila kuondoka Afrika Mashariki, na kwa shahada hiyo baadaye akaenda London School of Economics. Wote wawili walipita chuo kimoja, kilima kile kile. Kilichobadilika kati yao ni makubaliano ya vyuo viwili. Kwa hiyo mtu asikwambie mikataba hii ni makaratasi tu ya wakubwa.

Nairobi nayo ilifuata njia hiyo hiyo. Chuo cha Royal Technical College kilipewa hati mwaka 1951. Jamii ya Wahindi wa Afrika Mashariki ilikuwa imechanga pesa za kujenga chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, na badala ya kujenga vyuo viwili katika mji mmoja, mipango ikaunganishwa. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1956. Walikuwa wakisomea diploma na mitihani ya vyama vya kitaaluma vya Uingereza, si shahada. Mwaka 1961 kikawa Royal College Nairobi chini ya ulezi ule ule wa London, na shahada zikaanza, zikiwemo za uhandisi. Mwaka huo huo Dar es Salaam ikafungua chuo chake kwa kitivo cha sheria.

Sasa inakuja sehemu ninayoipenda zaidi. Tarehe 28 Juni 1963 vyuo hivyo vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na London ikakabidhi kazi ya kutoa shahada. Mkuu wa chuo akawa nani? Nyerere yule yule aliyeondoka Makerere na diploma.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wa akili. Udaktari ulikuwa Makerere. Sheria Dar es Salaam. Uhandisi Nairobi. Kijana wa Kisumu aliyetaka kuwa daktari alipanda gari la moshi kwenda Kampala, na wa Dodoma aliyetaka uhandisi alikuja Nairobi. Hakuna aliyeambiwa cheti chake cha nchi nyingine hakieleweki, maana cheti kilikuwa kimoja. Kwa lugha yetu, ulikuwa mfumo mmoja wenye seva tatu.

Haukudumu. Kila nchi ilikuwa imepata uhuru na kila nchi ilitaka madaktari na wahandisi wake, wanaofunzwa nyumbani na kwa idadi inayoamuliwa nyumbani. Nairobi ilianzisha udaktari mwaka 1967. Tarehe 1 Julai 1970 chuo hicho kikavunjwa na vikazaliwa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Siwalaumu, kwani hitaji lilikuwa la kweli. Ila njia ya mwanafunzi kuvuka mpaka ilikatika pale, na ilichukua hadi mwaka 2015 kwa Afrika Mashariki kuwa na mfumo wa pamoja wa kulinganisha vyeti, na 2017 kwa marais kutangaza eneo moja la elimu ya juu.

Baada ya 1970 Nairobi ilifanya nini? Ikawa London ya Kenya. Aliyelelewa akawa mlezi. Fuata mnyororo huu taratibu.

Kenyatta College, kilichoanza mwaka 1965 katika iliyokuwa kambi ya jeshi la Uingereza, kilifanywa chuo kishiriki cha Nairobi mwaka 1970, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Egerton, iliyoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi na baadaye ikawa chuo cha diploma, iliwekwa chini ya Nairobi mwaka 1986 na kujitegemea mwaka 1987. Chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja, kilichojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 1981 kufundisha kilimo na teknolojia kwa kiwango cha kati, kiliwekwa chini ya Kenyatta mwaka 1988, na mwaka 1994 kikawa JKUAT. Maseno ililelewa na Moi kuanzia 1990. Chuo cha Western, ambacho wananchi wa Magharibi walikuwa wamekianzisha kwa harambee mwaka 1972, kililelewa na Moi kuanzia 2002, na leo ni Masinde Muliro. Taasisi ya Kimathi kule Nyeri, ya harambee vile vile, ilikwenda chini ya JKUAT mwaka 2007, na mwaka 2012 ikawa Dedan Kimathi University of Technology.

Umeona mtindo? London ililea Nairobi, Nairobi ikalea Kenyatta, Kenyatta ikalea JKUAT, JKUAT ikalea Kimathi. Kila mlezi alimrithisha mtoto kitu kile kile: mtaala unaokaguliwa, mitihani inayoaminika, na jina kubwa kwenye cheti mpaka mtoto awe na jina lake mwenyewe. Kama unatumia Unix utaielewa: mchakato mmoja unazaa mwingine, na mtoto anarithi mazingira ya mzazi.

Ni kazi nzuri, na sitaki mtu aseme naidharau. Bila njia hiyo tungekuwa na vyuo vikuu vichache sana, na mwaka 1990 tungeshindwa kabisa, pale wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 walipoingia chuo kikuu sambamba na wa mwisho wa mfumo wa zamani.

Lakini uliza alipokuwa mwanafunzi wa diploma katika safari hiyo. Chuo chake kinapanda cheo, bango la langoni linabadilishwa, mkuu wa chuo anavaa joho la rangi nyingine. Yeye cheti chake kinabaki pale pale. Tena nafasi ya kijana wa baadaye kusomea diploma hiyo inaweza kupungua, kwa sababu nyumba sasa ina shughuli nyingine.

Hapa ndipo nawaomba tushuke Mombasa. Katika miaka ya 1940 Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na serikali ya kikoloni walishirikiana kuanzisha taasisi ya elimu kwa Waislamu, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi na uhandisi. Masomo yalianza mwaka 1951. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, na mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Nairobi nako Kenya Polytechnic ilikuwa imefunguliwa mwaka 1961. Hawa wawili ndio waliotoa mafundi wa nchi hii: wa umeme, wa redio, wa maabara, na baadaye wa kompyuta.

Mwaka 2007 vyote viwili vikafanywa vyuo vishiriki, Kenya Polytechnic chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Mombasa chini ya JKUAT. Mwaka 2013 vikawa Technical University of Kenya na Technical University of Mombasa. Watu wengi walilalamika wakati ule, wakiuliza: kila chuo cha ufundi kikigeuzwa chuo kikuu, fundi atafunzwa wapi? Vyuo hivyo vimeendelea kufundisha diploma, tuseme ukweli. Lakini serikali yenyewe ilijibu swali hilo kwa vitendo mwaka 2016, ilipopandisha taasisi kadhaa za ufundi kuwa polytechnic za kitaifa, mojawapo ikiwa hapo hapo Mombasa. Yaani tulipandisha ngazi ya chini ikawa ya juu, kisha tukarudi kutafuta ngazi nyingine ya chini.

Na mwenye diploma aliyetaka shahada alipita wapi? Kwa miaka mingi nafasi za serikali katika vyuo vikuu ziligawanywa na bodi ya pamoja ya vyuo, JAB, kwa kutazama matokeo ya KCSE. Kama hukufikisha alama ukiwa na miaka 18, bodi haikuwa na habari nawe tena, hata ungekuwa umepata diploma ya sifa ya juu. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya kujilipia, yale tuliyoyaita parallel, na vyuo vingine vikaiga. Hapo mwenye diploma akafunguliwa mlango, lakini ulikuwa mlango wa pembeni wenye kaunta ya malipo. Na ukishalipa, kusamehewa masomo uliyokwisha kuyasoma kulitegemea idara. Idara moja ingekupeleka mwaka wa pili, nyingine ingekuweka mwaka wa kwanza na diploma yako ile ile.

Sisi wa kompyuta tulikuwa na njia yetu ya panya, na wengine mtaikumbuka. Diploma za Uingereza zilizofundishwa kwenye majumba ya katikati ya miji: za IDPM, baadaye ikaitwa IMIS, na za NCC. Watu walizipenda kwa sababu moja kubwa. Zilikuwa na makubaliano yaliyoandikwa na vyuo vikuu vya ng'ambo, kwamba ukifika kiwango fulani unaingia mwaka fulani wa shahada. Fikiria kichekesho hicho. Kijana anasomea diploma mtaa mmoja na chuo kikuu cha nchi yake, na anayejua thamani ya diploma hiyo ni chuo kikuu kilichoko Uingereza. IMIS yenyewe ilimezwa na BCS mwaka 2013.

Je, jambo hili linawezekana kupangwa vizuri zaidi? Nawapa mfano mmoja wa mbali, kwa sababu una kompyuta ndani yake. Jimbo la California kule Marekani lilipitisha mpango wake mkuu wa elimu ya juu mwaka 1960. Vyuo vya jamii vya miaka miwili vingempokea kila mtu, na chuo kikuu cha jimbo kingechukua wanafunzi bora. Ila mpango ulitaka chuo kikuu kiwe na wanafunzi wengi zaidi katika miaka miwili ya mwisho kuliko miaka miwili ya mwanzo, kwa uwiano wa 60 kwa 40. Kwa nini? Ili pawe na viti vya wanaotoka vyuo vya chini. Daraja lilijengwa ndani ya hesabu za viti.

Kisha mwaka 1985 wakaanza kutumia mfumo wa kompyuta unaoitwa ASSIST. Kazi yake mwanaprogramu yeyote ataielewa kwa dakika moja. Kimsingi ni jedwali. Upande huu somo la chuo fulani, upande ule somo la chuo kikuu linalolingana nalo. Mwanafunzi anatazama kabla hajajiandikisha, anajua somo gani litahesabiwa na lipi halitahesabiwa. Si kwamba California hakuna matatizo, maana wengi wanaoingia vyuo vya jamii wakitaka kuhamia chuo kikuu hawafiki. Lakini hakuna anayelazimika kubahatisha nia ya karani.

Kwetu sheria zimeanza kusogea. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliondoa JAB na kuleta KUCCPS, ambayo huwapangia wanafunzi nafasi za vyuo vya kati pia. Mwaka 2014 ikaja sheria ya mfumo wa kitaifa wa vyeti, KNQF, yenye ngazi 10. Diploma iko ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 7. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi, maana hatimaye vyeti vyote viko kwenye ngazi moja. Halafu nikakumbuka rafiki yangu. Kujua kwamba diploma iko chini ya shahada kwa hatua moja hakumwambii kama somo lake la hifadhidata la mwaka wa pili ni sawa na la chuo kikuu. Hiyo ngazi inakuonyesha ghorofa uliyopo. Jedwali ndilo linalokuambia ni ngazi gani za kukanyaga ukipanda.

Na jedwali hilo si kazi ngumu kwetu kiufundi. Hifadhidata yenyewe ningeiandika kwa wiki moja, na wengi mnaosoma hapa mngeiandika kwa siku tatu. Kazi ngumu ni ile waliyoifanya walimu wa Makerere na London baada ya 1949: watu wa pande mbili kukaa meza moja, somo kwa somo, swali kwa swali, wakakubaliana kuaminiana. Tulilifanya hilo na watu walioko ng'ambo ya bahari wakati barua ndiyo iliyokuwa intaneti. Tukalifanya tena kati ya nchi tatu. Tukalifanya kati ya Nairobi na Kenyatta, Kenyatta na Juja. Sioni sababu ya kushindwa kulifanya kati ya polytechnic na chuo kikuu vinavyotazamana barabara moja.

Nawaachia ushauri mmoja wa bure, hasa mlio na wadogo zenu waliomaliza kidato cha nne. Kabla hujalipa karo ya diploma, nenda ukaulize chuo hicho: ni chuo kikuu gani kinaipokea diploma hii, unaingia mwaka wa ngapi, na unasamehewa masomo gani? Omba jibu kwa maandishi. Halafu nenda chuo kikuu chenyewe ukaulize swali hilo hilo. Majibu yakitofautiana, basi umeokoa miaka yako.

Rafiki yangu yule sasa anafundisha vijana jioni, kozi fupi ya hifadhidata. Juzi nilimpigia simu nikamwambia naandika habari zake bila jina. Akaniuliza, "Umewaambia kwamba mwaka wa kwanza nilipata alama ya A?" Nikamwambia nitawaambia. Basi nimewaambia.

Tuonane tena wiki ijayo. Nitarudi kwenye Linux, naahidi.